Tuzo ya Neustadt na Kazi ya Mfasiri

Tuzo tunayoijua leo kwa jina la Neustadt ilianzishwa mwaka 1969 katika Chuo Kikuu cha Oklahoma, Marekani, na Ivar Ivask, mshairi wa Kiestonia. Mshindi hupata dola 50,000 na unyoya wa tai uliofuliwa kwa fedha. Mwandishi yeyote aliye hai, wa lugha yoyote, anaweza kupendekezwa, ila sehemu ya kutosha ya kazi zake iwe inapatikana kwa Kiingereza, lugha ambayo waamuzi hujadiliana kwayo.

Historia inatuonyesha uzito wa sharti hilo. Riwaya kuu ya Gabriel García Márquez ilitoka kwa Kihispania mwaka 1967, ikafasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1970. Mwaka 1972 akatuzwa. Boubacar Boris Diop wa Senegali, mshindi wa 2022, alichapisha Doomi Golo kwa Kiwolofu mwaka 2003. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 2016.

Na Kiswahili je? Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani iliyochochea mjadala mkali kuhusu ushairi huru, mwaka 1974. Mashairi yake teule, yaliyofasiriwa kwa Kiingereza na Annmarie Drury, yalitoka kitabuni mwaka 2015, miaka 41 baadaye. Mwaka 2020 mshairi alifariki.

Hatudai kwamba angeshinda. Tunasema tu kwamba waamuzi hawawezi kupima wasichokisoma. Kwa hiyo, kufasiri kusiwe zoezi la pembeni katika masomo yetu. Mwandishi aliye hai leo hana miaka 41 ya kusubiri.