Mke wa Pili Aende Wapi?

Hapa kambini Nyarugusu kesi ya namna hii haiishi. Mume alikimbia vita peke yake, akafika, akakaa miaka miwili bila habari za nyumbani, akaoa mwingine. Siku moja mke wa kwanza anashuka kwenye gari na watoto. Mchungaji anasema: chagua mmoja. Wazee wanasema: mahari ilitolewa pande zote mbili. Majirani wanasema eti ni vita vilivyotuharibia ndoa, zamani Wakristo hawakuwa na mambo haya. Hapo ndipo ninapokataa. Makanisa yamebishana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka 150, na ni vizuri tuijue historia hiyo kabla hatujamhukumu mtu.

Katika karne ya 19 mmisionari alikuwa akikutana na mwanamume mwenye wake watatu anayeomba ubatizo. Jibu la wengi lilikuwa: waache wawili kwanza. John William Colenso, askofu Mwanglikana wa Natal, Afrika Kusini, aliona jibu hilo si la haki. Mwaka 1855 alitetea kwamba mtu aliyeoa kabla ya kumjua Kristo asilazimishwe kuwafukuza wake zake. Kwa desturi yao ile ilikuwa ndoa kamili, na atakayeumia ni mwanamke asiye na kosa. Wenzake wengi walimpinga.

Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana walikutana Lambeth, London, wakakata shauri. Mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Aendelee kufundishwa mpaka hali yake itakapobadilika. Wake zake wangeweza kubatizwa katika hali fulani, kwa uamuzi wa viongozi wa mahali. Basi mwanamume alibaki na njia mbili: asubiri nje ya kanisa, au afukuze. Kwa yule atakayefukuzwa, aende wapi na ale nini, azimio lile halikusema.

Kwetu Kongo serikali ya Wabelgiji nayo iliingia. Amri ya mwaka 1950 ilisema kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1951 mtu asioe mke mwingine wakati ndoa ya kwanza bado ipo. Je, wake wa pili waliisha? Hapana, walibadilishwa jina tu. Mjini mke wa pili aliweza kuandikwa kama mwanamke asiye na mume, na wanawake wa namna hiyo walitozwa kodi yao peke yao. Ng'ambo ya ziwa, Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, wanawake Waislamu wa mtaa wa Buyenzi waliipinga kodi hiyo. Kati yao walikuwamo wajane na walioachika, wakaona serikali inawatia wote katika jina la malaya.

Nyanya yangu, mzaa baba, alikuwa mke wa pili, pande za Uvira. Babu alipotaka ubatizo aliambiwa achague, akamchagua wa kwanza. Nyanya alirudi kwa kaka zake na mtoto mmoja mgongoni. Wawili wakubwa walibaki kwa babu, kwa sababu mahari ilikuwa imetolewa na watoto ni wa ukoo. Hata hivyo hakuacha kusali. Alikuwa akikaa benchi la nyuma kabisa, na sisi wajukuu tulidhani ni kwa sababu masikio yake bado ni mazima.

Lakini tusiseme haraka kwamba haya yote ni mambo ya wazungu. Simon Kimbangu, alipohubiri Nkamba mwaka 1921, naye alikataza ndoa ya wake wengi, na Kanisa la Kimbangu linashika hivyo mpaka leo. Tena wako wanawake waliokimbilia kanisani kwa sababu hawakutaka kushirikiana mume. Tofauti iko kwenye swali lingine: sheria inapobadilika, gharama analipa nani?

Swali hilo lilichukua muda mrefu kusikika. Mwaka 1973 padri Adrian Hastings, aliyekuwa amefanya kazi Uganda, alitoa kitabu kuhusu ndoa ya Kikristo katika Afrika, baada ya maaskofu wakuu wa Kianglikana barani kumwomba achunguze. Mwaka 1983 sheria mpya ya Kanisa Katoliki iliendelea kumtaka mwanamume abaki na mke mmoja, lakini ikamwagiza askofu ahakikishe mahitaji ya wanawake wanaoachwa yanatimizwa kwa haki. Kisha Lambeth ya 1988, ambapo askofu David Gitari wa Kenya alikuwa mstari wa mbele, iligeuza shauri la 1888. Mwenye wake wengi aweze kubatizwa pamoja na wake na watoto wake walioamini, aahidi kutoongeza mwingine, na jumuiya ya mahali ikubali. Asilazimishwe kumwacha hata mmoja, kwa ajili ya shida itakayompata mwanamke huyo. Mafundisho ya mume mmoja mke mmoja yalibaki palepale. Kilichoongezeka ni macho ya kumwona yule anayefukuzwa. Ilichukua miaka 100 kamili.

Sasa swali limerudi, safari hii mezani kwa wafanyakazi wa mashirika. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haimpokei mtu anayekwenda kuishi huko na wake wengi. Mwenye wake wawili akiitwa kwenye mahojiano ya kuhamishwa, anaambiwa maneno yale aliyoambiwa babu yangu: chagua.

Sijui kuandika sheria za nchi, wala si mchungaji. Ombi langu ni dogo. Kabla mtu hajaambiwa achague, aulizwe kwanza mke atakayebaki, tena aulizwe peke yake, mume asiwepo: utalala nyumba ya nani, kadi ya chakula itakuwa kwa jina la nani, na watoto unataka wakae na nani? Majibu yake yaandikwe kwenye faili kabla ya uamuzi. Nyanya yangu hakuulizwa.