Mafundi Wasio na Majina Waliookoa Kanisa la Glasgow (na Burger Niliyokula Baadaye)

Wadau, leo tunawapumzisha mastaa. Tunaenda Glasgow, Uskoti, kuongelea watu ambao hawana picha, hawana sanamu, na majina yao hakuna anayeyajua. Ila ukisimama mbele ya lile kanisa kuu la mji, inasemekana ni wao waliofanya likabaki limesimama mpaka leo.

Nilikuwa kule kwa dada yangu anayefanya kazi ya kuhudumia wazee. Siku yake ya off mimi nilikuwa na ratiba moja tu kichwani: burger. Kuna mgahawa mmoja vijana wa pale wanaupanga foleni (jina naliacha, hawajanilipa tangazo). Dada akagoma. "Mdogo wangu, burger haikimbii. Twende kanisani kwanza, tumbo likiwa tupu utasikiliza vizuri." Basi tukaenda.

Glasgow Cathedral imejengwa pale ambapo inaaminika alizikwa Mtakatifu Mungo, mhubiri wa karne ya 6 ambaye ndiye mtakatifu wa mji huo. Kanisa la mawe la kwanza liliwekwa wakfu mwaka 1136 mbele ya Mfalme David wa Kwanza, baadaye likaungua, likajengwa jingine. Sehemu kubwa ya unachokiona leo ni kazi ya miaka ya 1200. Kwa nje mawe yameingia weusi wa moshi wa viwanda. Kwa sababu liko kwenye mteremko, lina kanisa la juu na kanisa la chini, na kaburi la Mungo liko huko chini katikati ya nguzo nyingi, yaani ni kama umeingia kwenye msitu wa mawe. Ukishuka ngazi unajikuta unaongea kwa kunong'ona na hakuna aliyekuambia unyamaze.

Sasa njoo mwaka 1560. Uskoti inaachana na Papa, dini mpya ya Kiprotestanti inashika nchi. Askofu mkuu wa Glasgow, James Beaton, anakimbilia Paris na hazina za kanisa pamoja na nyaraka zake. Huku nyuma sanamu na altare zinavunjwa nchi nzima. Kanisa kuu la St Andrews, lililokuwa kubwa kuliko yote, leo ni kuta chache na minara iliyobaki inapigwa na upepo wa bahari. Katika Uskoti bara yote, ukiacha visiwa, kanisa kuu la zama zile ambalo lilipita salama likiwa karibu zima ni hili moja la Glasgow.

Kwa nini hili? Hapo ndipo stori inapoanza kunoga.

Aliyeiandika ni John Spottiswoode, aliyekuja kuwa askofu mkuu wa Glasgow mwenyewe. Huyu alizaliwa 1565 na alisoma chuo hapo hapo Glasgow, kwa hiyo si mtu aliyesikia mambo kwa mbali. Anasema mwaka 1579 wakubwa wa mji, wakisukumwa na Andrew Melville, mkuu wa chuo kikuu, walikubali kanisa livunjwe. Sababu walikuwa nazo: ni kubwa mno, mhubiri hasikiki, ni ukumbusho wa dini ya zamani, na mawe yake yangetosha kujenga makanisa madogo kadhaa. Vibarua wakakodiwa, ngoma ikapigwa kuwakusanya waanze kazi.

Mafundi wa mji waliposikia ile ngoma wakatoka na silaha. Wahunzi, maseremala, waashi, mafundi viatu, wafumaji, waoka mikate, watu wa karakana. Wakaapa kwamba atakayeangusha jiwe la kwanza atazikwa chini yake. Hawakutulia mpaka vibarua wakaondolewa. Viongozi wao wakaitwa mbele ya baraza la mfalme kujibu mashtaka ya kuleta fujo. Mfalme James wa Sita alikuwa hajatimiza hata miaka 13, na mtoto yule akawaunga mkono mafundi, kwamba makanisa yaliyobomolewa yameshatosha, hataki kusikia jingine limebomolewa.

Tamu, si ndiyo? Ila kuna wanahistoria wanaotilia shaka, kwa sababu kumbukumbu za mji na za baraza la mfalme hazina kitu cha namna hiyo, na ugomvi mkubwa kiasi hicho kawaida unaacha karatasi. Wengine wanasema Melville alisingiziwa tu, maana Spottiswoode alikuwa mtu wa maaskofu na Melville hakuwapenda maaskofu hata kidogo.

Kuna karatasi nyingine lakini, na hii ipo kweli. Tarehe 21 Agosti 1574, miaka mitano kabla ya hilo sakata, halmashauri ya mji ilikaa pamoja na wenyeviti wa vyama vya mafundi. Wakaandika kwamba kanisa kuu limechakaa vibaya: risasi ya paani imeng'olewa, vigae vimeondolewa, mvua inaingia. Halafu wakakubaliana kuchangishana paundi 200 za Uskoti kulitengeneza, na wakaandika kabisa kwamba hawakuwa na wajibu wa kufanya hivyo, wanafanya kwa hiari yao.

Mimi hapo ndipo niliposhikwa. Stori ya mapanga ni nzuri ya kusimulia, ila kubeba silaha ni siku moja, hasira zikipanda mtu yeyote anaweza. Mchango ni kitu kingine. Kila aliyewahi kushika daftari la michango ya harusi au msiba anajua kazi yake: huyu anaahidi na halipi, huyu anakuambia rudi mwisho wa mwezi, yule anakukimbia barabarani. Hawa jamaa walichangishana kwa jengo la dini ambayo wengi wao walishaiacha, tena dini mpya ilikuwa inawaambia majengo yale ni ya ibada ya sanamu. Walitaka tu paa lisivuje.

Na lengo lilitimia, kwa sababu baadaye kanisa lile lile lilitumiwa na washarika watatu tofauti kwa wakati mmoja, mmoja kwenye kichwa cha kanisa, mmoja upande wa kuingilia, na wa tatu kule chini kwenye nguzo, waliokaa gizani takriban miaka 200. Mwaka 1638 mkutano mkuu wa kanisa ulifanyikia humo humo, ukawafuta maaskofu. Mpaka leo panaitwa Cathedral na hakuna askofu. Wadau wa Kenya mliolelewa PCEA mnaelewa, mfumo wenu wa wazee wa kanisa umetoka kwa Waskoti hawa.

Ukitoka nje, kwenye uwanja wa mbele, kuna sanamu ya David Livingstone, aliyesomea udaktari hapo mjini. Sisi tunamjua kwa upande mwingine. Alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na watu waliokuwa naye waliuzika moyo wake pale, wakaukausha mwili, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 mpaka Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Vitabu vinawataja Susi na Chuma, na Jacob Wainwright aliyefika mpaka mazishini London. Wabebaji wengine, ambao mabega yao ndiyo yaliyofanya kazi, ni wachache sana wanaowataja. Dada akaniuliza kama nataka picha na sanamu. Nikamwambia ngoja kwanza.

Nyuma ya kanisa kuna kilima cha makaburi, Necropolis, kilichofunguliwa 1833. Wamezikwa watu kama 50,000, na minara na mawe ya kumbukumbu ni kama 3,500. Piga hesabu mwenyewe wangapi wako chini ya majani tu. Wafanyabiashara wana minara mirefu kuliko nyumba yetu ya kupanga.

Kutoka hapo ni mwendo wa dakika 15 hadi 20 kushuka mjini, eneo wanaloliita Merchant City, na huko majina yapo mengi, tena makubwa. Mtaa wa Buchanan, mtaa wa Ingram, mtaa wa Glassford, mtaa wa Virginia. Watatu wa kwanza walikuwa matajiri wa tumbaku wa miaka ya 1700. Tumbaku ililimwa na watumwa wa Kiafrika Virginia na Maryland, ikaja Glasgow, ikauzwa Ulaya. Mwaka 2022 halmashauri ya Glasgow iliomba radhi rasmi kwa mji kuhusika na utumwa.

John Glassford alichorwa na familia yake kwenye picha kubwa ya rangi, miaka ya 1760. Kwa muda mrefu watu walisema pembeni aliwahi kuwepo mtumishi mweusi, akafutwa kwa aibu. Mafundi wa makumbusho walipoisafisha wakamkuta. Hakufutwa, uchafu na kufifia kwa rangi ndivyo vilivyomficha. Yuko nyuma kabisa, amesimama. Jina lake halijulikani. Ila jina la bosi wake liko kwenye kibao cha mtaa mpaka leo.

Na kwenye mtaa huo huo wa Glassford, mafundi nao wana jengo lao! Vyama 14 vya mafundi viliungana mwaka 1605 kuunda Trades House, na ukumbi wao, uliobuniwa na Robert Adam, ulifunguliwa 1794. Bado unatumika. Kati ya hivyo 14 kuna viwili ambavyo nimevisubiri tangu mwanzo wa makala haya: waoka mikate na wachinjaji.

Waoka mikate inasimuliwa walilisha jeshi lililompiga Malkia Mary kwenye vita ya Langside, Mei 1568, na kama zawadi wakapewa kinu cha kusagia nafaka pembeni ya mto Kelvin. Wachinjaji walipata hati ya chama chao 1580, mwaka mmoja tu baada ya lile sakata la kanisa. Chama hakikuwa kikundi cha kupiga soga. Kilikagua ubora wa kazi, kilizuia mtu asiyefundishwa asifungue biashara, na kilitunza wajane na wenzao waliougua. Yaani ukiuza nyama mbovu, wa kwanza kukushukia walikuwa wachinjaji wenzako.

Mkate na nyama. Haya, sasa tuingie kwenye burger.

Mgahawa uko kwenye jengo la matofali mekundu, balbu zinaning'inia uchi, meza ni mbao nzito ambazo hazijapigwa rangi. Hakuna sahani. Burger inakuja kwenye karatasi juu ya trei ya bati, paundi 13, zaidi ya elfu 40 za kwetu, na chipsi unalipia pembeni. Nilitaka kulalamika, dada akanikanyaga mguu chini ya meza. Niliagiza ile yenye haggis juu ya nyama. Haggis ni moyo, ini na mapafu ya kondoo vilivyosagwa na kuchanganywa na oti, kitunguu na pilipili manga. Usikunje uso, wewe unayekula supu ya utumbo kila Jumamosi. Ladha iko katikati ya maini na kiungo cha pilau, na inakolea. Nyama ilikuwa nene, imeiva nje, ndani bado ina maji yake. Kushushia ni Irn-Bru, soda yao ya rangi ya chungwa, tamu mpaka meno yanaimba.

Mkate wake ulikuwa laini, umepakwa siagi na kuchomwa kidogo upande wa ndani. Dada anaita skonzi, na hajakosea sana. Skonzi zetu za dukani zimepata jina kutoka scone, neno lililoanza kuandikwa na Waskoti miaka ya 1500, enzi zile zile za hao waoka mikate.

Kwa wanaopanga kwenda: kanisani hakuna kiingilio, kuna sanduku la mchango tu mlangoni. Jumapili asubuhi ni ibada, watalii husubiri mchana. Sehemu ya chini kuna ubaridi, beba sweta hata kama jua linawaka. Na kwenye mgahawa fikeni kabla ya saa saba, foleni ikianza haikatiki. Kama mko wawili agizeni moja yenye haggis mgawane, inashibisha kuliko inavyoonekana.