Buluu, Dhahabu na Namba 555

Impreza ya marehemu mjomba ilirudi kutoka gereji Jumamosi, buluu mpya inayong'aa hadi unaona uso wako kwenye boneti. Rimu ndizo zilikosekana. Ilikuwa imesimamia zile za chuma za kuazimwa, nyeusi, zenye kutu, kama bwana harusi aliyevaa suti na slipa. Binamu yangu, ambaye sasa ndiye mwenye gari, aliniuliza, "Tunaweka dhahabu, ama?" Kusema kweli hakuwa anauliza. Nairobi hii, mtu akikuambia ana Impreza ya buluu, rimu za dhahabu unaziona hata kabla hajamaliza kusema.

Mimi ndiye niliyesita. Nilikuwa nimetumia wiki nzima kusoma jinsi hizo rangi mbili zilivyokutana, na sikupenda nilichokipata.

Hazikuzaliwa kwenye kiwanda cha magari. Mwaka 1993 timu ya Subaru ya mbio za dunia, iliyokuwa ikiendeshwa na kampuni ya Prodrive kule Banbury, Uingereza, ilipata mdhamini mkubwa: State Express 555, sigara iliyouzwa sana Asia. Magari yakapakwa buluu, yakaandikwa 555 kwa njano kubwa ubavuni, na rimu za dhahabu zikaitikia ile njano. Impreza yenyewe ilitokea kwa mara ya kwanza Ufini, Agosti mwaka huohuo, Ari Vatanen akamaliza wa pili. Baadaye baadhi ya magari ya timu yalibeba namba ya usajili L555 BAT. BAT ni kampuni yenye sigara. Yaani hata pleti ilikuwa tangazo, na hakuna aliyejificha.

Halafu Colin McRae akaanza kushinda. Mwaka 1995 akawa bingwa wa dunia, Mwingereza wa kwanza kufika hapo (ni Mskoti, na Waskoti watakurekebisha haraka). Mwaka huohuo likatoka toleo la barabarani lenye jina lake, magari 200 tu, buluu nzito na rimu za dhahabu. Mwaka 1998 ikaja 22B, mabega mapana, rimu za dhahabu tena, magari 400 kwa soko la Japani. Ukitaka kujifurahisha, chukua 555 uiandike kwa hesabu ya tarakimu kumi na sita wanayotumia watu wa kompyuta. Utapata 22B. Jaribu kumwambia shabiki wa Subaru kwamba hiyo ni bahati tu, uone.

Sasa fikiria jambo hili kidogo. Nchi nyingine zilipokataza matangazo ya sigara kwenye mbio, namba ilibanduliwa, gari likabaki buluu na dhahabu, na kila mtu aliendelea kulitambua kutoka mbali. Kwetu, sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 ilipiga marufuku matangazo na udhamini. Subaru wenyewe wakajiondoa kwenye mbio za dunia mwisho wa 2008. Na bado kijana aliyezaliwa mwaka huo, ambaye hajawahi kuona pakiti ya 555, anaenda Kirinyaga Road kutafuta rimu za dhahabu.

Mjomba alinipeleka kuona Safari Rally ya 2000. Nilikuwa na miaka saba. Tulisubiri tangu alfajiri, na nakumbuka helikopta kwanza, kisha vumbi, kisha mlio ule wa Subaru ambao unausikia tumboni kabla ya masikio. Richard Burns alishinda, Juha Kankkunen akawa wa pili, wote na Impreza. Lakini dhahabu sikuiona. Rimu zilikuwa na rangi ya barabara, kama kila kitu siku hiyo, pamoja na nywele zangu. Mjomba alikuwa ameegemea pikapu ya rafiki yake akivuta sigara, anacheka, ananiambia siku moja atanunua moja kama hiyo. Alinunua, ya mtumba, KAQ. Sigara hakuacha. Saratani ya koo ilimchukua miaka minne iliyopita, na miezi ya mwisho alikuwa akituandikia kwenye daftari kwa sababu sauti ilikwisha.

Nilimweleza binamu yote haya, nadhani kwa urefu kupita kiasi. Akanisikiliza akisugua boneti kwa kitambaa. Mwishowe akasema, "Manze, mzee hakuvuta kwa sababu ya rimu."

Sikuwa na jibu. Nikajaribu nyeupe: rimu nyeupe zinapendeza kwenye buluu, na zina historia yake kwenye rali. Akasema nyeupe Nairobi ni kazi ya kuosha kila siku. Hapo alikuwa sahihi. Tulikubaliana haraka kuhusu saizi. Yeye alitaka inchi 17, nikamkumbusha kwamba magari ya rali kwenye changarawe huvaa 15, ili tairi liwe na ubavu mnene wa kumeza mawe, na kwamba barabara ya kwao si lami hata ukiiombea. Tukapata seti ya 15, nati tano, kwa bei ambayo Anti hajui mpaka leo.

Anti ndiye aliyeamua mengine. Alitoka na chai, akazunguka gari mara moja, polepole, akaona stika za njano ambazo binamu alikuwa ameshachapisha: 555 mbili, kila moja ya kujaza mlango.

"Dhahabu wekeni," akasema. "Baba yenu aliitaka hivyo. Hiyo namba, hapana."

Kwa hivyo milango iko wazi. Njano iliyobaki ni kidogo, nyota sita ndogo nyuma, karibu na taa. Subaru ni jina la Kijapani la kundi lilelile la nyota ambalo Kiswahili kinaliita Kilimia, na hilo angalau halikununuliwa na mtu.

Rimu tulizifunga Jumapili jioni. Binamu akaingia ndani kusafisha dashibodi, akavuta kile kisahani cha majivu, akakiangalia, akakirudisha taratibu bila kukimwaga.