Wakati kompyuta alikuwa mtu

Ukisikia kompyuta leo, unawaza kioo na kibodi. Lakini neno la Kiingereza *computer* tunalikuta kwenye maandishi tangu mwaka 1613, na kwa miaka zaidi ya 300 lilimaanisha mtu: yule anayepiga hesabu.

Na ilikuwa kazi ya mshahara kabisa. Mwishoni mwa karne ya 19, Edward Pickering, mkuu wa kituo cha kuchunguza nyota cha Harvard, Marekani, aliajiri wanawake wapime nyota kwenye picha za vioo. Malipo? Senti 25 hivi kwa saa. Mmoja wao, Henrietta Leavitt, aligundua kwamba kuna nyota ambazo kadiri zinavyong'aa zaidi ndivyo zinavyochukua muda mrefu kufifia na kung'aa tena. Kwa kanuni hiyo wanasayansi wakaweza kupima umbali wa galaksi. Ripoti ya mwaka 1912 ilisema imeandaliwa na Leavitt, ila saini ilikuwa ya Pickering.

Hata mwaka 1962, kabla ya kurushwa kuizunguka dunia, John Glenn alitaka Katherine Johnson ahakiki kwa mkono hesabu za mashine.

Sisi Waswahili tulilipokea neno likiwa limeshahamia kwenye mashine. Ndiyo maana tunasema kompyuta "imekosea", si "amekosea". Ngeli yetu haina kumbukumbu ya wale wanawake, kwa hiyo tuwataje kwa majina.