Mtihani wa pikipiki hupima utulivu, si kasi

KWA wakazi wengi wa Wazo, Tegeta na Madale, wilayani Kinondoni, bodaboda ndiyo huwafikisha nyumbani baada ya kushuka daladala katika Barabara ya Bagamoyo. Vijana wengi wanaoziendesha walifundishwa na rafiki mtaani, na huenda kutafuta leseni wakiwa tayari na mazoea yao. Mazoea hayo yanaweza kuwaangusha mbele ya mtahini.

Daraja la leseni

Katika madaraja yanayotumiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), daraja A ni la pikipiki zenye injini inayozidi cc 125, na A1 ni la zilizo chini ya kiwango hicho. A2 ni la vyombo vya magurudumu matatu, bajaji zikiwamo. Hivyo basi, mwombaji asome kadi ya pikipiki yake kabla ya kujaza fomu.

Huanza na leseni ya kujifunzia, husoma katika chuo cha udereva, kisha hupimwa na askari wa usalama barabarani kabla ya TRA kutoa leseni.

Mwendo mdogo

Kukimbiza pikipiki ni rahisi. Kuiendesha polepole bila kuweka mguu chini ndiyo kazi. Tafuta kiwanja kitupu, panga makopo na ujizoeze kuzunguka kwa umbo la namba nane. Macho yatazame unakokwenda, si gurudumu la mbele. Klachi iachiwe nusu, mafuta yawe kidogo bila kupandishwa na kushushwa, na mwendo upunguzwe kwa breki ya mguu. Ukishika breki ya mbele huku usukani umekatwa, pikipiki hulala.

Kusimama

Waendeshaji wengi huogopa breki ya mbele na kutegemea ya mguu peke yake. Pikipiki inaposimama, uzito huhamia mbele, hivyo breki hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi. Zitumike zote mbili kwa pamoja, zikikazwa taratibu, hasa penye mchanga. Kwa mwendo wa kilometa 50 kwa saa, pikipiki hupita karibu meta 14 kila sekunde. Kuchelewa kidogo tu ni hatari.

Kutazama

Kabla ya kuondoka au kukata kona, tazama vioo, geuza shingo kuangalia nyuma, washa taa ya ishara, ndipo uingie. Izime baada ya kona. Aidha, acha tabia ya kupenya kushoto mwa daladala iliyosimama, mahali ambapo abiria wanashuka.

Siku ya mtihani

Kagua matairi, breki, taa, honi na mnyororo kabla ya kutoka nyumbani. Vaa viatu vya kufunika mguu, na kamba ya kofia ngumu ifungwe chini ya kidevu. Ukikosea, usibishane, tulia na uendelee.

Wapo wanaoshawishika kutoa fedha ili wasipimwe. Licha ya kuwa ni kosa kisheria, leseni ya namna hiyo haimsaidii mtu anayeteremka mlima wa Wazo huku lori la saruji likiwa mbele yake na abiria akiwa nyuma. Hapo kitakachomwokoa ni alichojifunza.