Deheni ya Majahazi ya Sur

Jahazi la Sur, bandari ya Omani, lilipofika Unguja kwa pepo za kaskazi, likiwa limesheheni tende na chumvi na samaki mkavu, au lilipokuwa likingoja kusi ili lirejee na boriti za mikoko ya Rufiji na Lamu, mtazamaji aliyesimama pwani ya Funguni aliliona lina rangi mbili: ubavu wa juu uling'aa kwa weusi wa sifa, yaani mafuta ya papa, na tumbo la chini lilikuwa jeupe kwa deheni. Watu wa Ibra na Mudhairib, walioteremka na ngamia hadi Sur wakapanda majahazi hayo kwenda kutafuta riziki Unguja na bara ya Afrika, walisafiri juu ya weupe ule bila ya kuutafakari. Na wanatarikhi waliokuja kuandika habari za karafuu na pembe na mikataba ya masultani hawakuutafakari vile vile.

Kazi ya kuipaka deheni ilitegemea maji. Jahazi lilipandishwa pwani kwa bamvua, na maji yalipokupwa likalala ubavu. Mabaharia wakalikwangua makome na majani ya bahari, fundi akaziba nafasi za mbao za msaji kwa kalafati ya pamba na mafuta, kisha ikaja shahamu ya mbuzi au kondoo, iliyoyeyushwa motoni na kuchanganywa na chokaa ikawa deheni, nayo ikapakwa kwa viganja ingali vuguvugu, kabla bahari haijarudi. Mifugo haikuadimika katika nchi ambayo soko la mbuzi la Nizwa hukutanisha wafugaji kila Ijumaa hata leo. Kilichohitaji maarifa ni kipimo, kwani chokaa ikizidi deheni hupasuka na kubanduka, na shahamu ikizidi hulegea kwa jua.

Chokaa ikikutana na shahamu huivunja, na tindikali za mafuta zikashikamana na kalisi, ikazaliwa sabuni. Lakini si sabuni ya kufulia, kwani hii haiyeyuki majini, na hiyo ndiyo faida yake kwa mwenye chombo. Kila molekuli ya sabuni ina tabia mbili, kichwa chenye kuyapenda maji na mkia mrefu wa mafuta wenye kuyakimbia; na zikiwa nyingi hujipanga zenyewe, vichwa kwa vichwa na mikia kwa mikia, tabaka juu ya tabaka, wala hakuna mkono wa fundi unaozipanga.

Mpango huu wa ndani wa sabuni ulifunuliwa kwa miali ya eksirei mwishoni mwa miaka ya 1950 huko Strasbourg, Ufaransa, na Vittorio Luzzati na Antoine Skoulios. Mwaka 1960 Skoulios na wenziwe wakageukia minyororo ya polima yenye sehemu mbili zilizoungwa pamoja, moja ya stirini na nyingine ya oksidi ya ethilini, wakakuta desturi ile ile ya sabuni. Hizi ndizo kopolima za bloku. Sehemu zake ni kama mahasimu waliofungwa kamba moja: hazipatani, wala hazina pa kukimbilia, kwa hiyo hutengana kwa masafa madogo mno, ya nanomita 10 hadi 100 hivi. Zikilingana kwa wingi hufanya tabaka. Moja ikipungua hujikusanya kuwa nguzo ndani ya mwenzake. Ikipungua zaidi huwa vitufe. Na joto likipita kiwango chake, uhasama hulegea zikachanganyika. Kufikia mwaka 1965 kampuni ya Shell ilikwisha kuuza mpira wa namna hiyo, unaolainika kwa moto na kukaza ukipoa, na watu wakautembelea katika nyayo za viatu.

Wakati huo Sur nayo ilikuwa ikififia, maana meli za moshi na injini zilikwisha kuinyang'anya shehena. Ghanja, aina ya jahazi, iitwayo Fath al-Khayr, iliyoundwa huko mwaka 1951, iliuzwa nje, na watu wa Sur wakainunua tena mwaka 1993 ili iwe kumbukumbu. Jahazi la Sohar, lililoshonwa kwa kamba za nazi huko huko Sur mwaka 1980 kwa ajili ya safari ya msafiri na mwandishi Tim Severin hadi Guangzhou, lilipakwa tumboni shahamu na chokaa kwa kawaida ya zamani.

Meli za chuma zilichagua rangi zenye sumu ya bati, zilizoua makome na kudhuru chaza wasio na hatia, hata mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2001 ukaanza kuzikataza mwaka 2008. Miongoni mwa badala zinazojaribiwa maabara ni kopolima zenye upande wa kuyapenda maji na upande wa kuyakimbia, ili kome asipate pa kushika. Deheni haikuwa na sumu hiyo, ila ilidai chombo kipandishwe pwani tena na tena, na sidhani kuna mwenye meli wa leo atakayekubali kuilaza ubavu kwa kungoja bamvua.