Uchunguzi Huru wa Ajali Zitokanazo na Polisi Kufukuza Gari

Ni tahakiki ifanywayo na chombo kisicho chini ya amri ya jeshi la polisi, kwa madhumuni ya kubaini iwapo askari waliolifukuza gari hata likapinduka au kugonga walifuata sheria, na iwapo hatari waliyoizusha barabarani ililingana na kosa walilolishuku. Haja yake yatokana na hali ya mambo yenyewe: askari ndiye aghalabu apimaye alama za matairi, aandikaye maelezo ya mashahidi na ahifadhiye daftari la kituo, basi yeye akiwa ndiye mshukiwa, ushahidi wote umo mikononi mwake.

Katika Tanzania hakuna chombo kilichowekwa makhsusi kwa kazi hii. Mkazi wa kijijini kama Kabasa, au wa popote katika wilaya za Bunda, Butiama na Musoma, aliyefiwa katika ajali ya namna hiyo, aweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya 2001. Iliyoitangulia ni Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ya kwanza ya aina yake barani Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1966 katika utawala wa Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama. Tume ya sasa huweza kuita mashahidi na kudai nyaraka, na hata kuanza uchunguzi pasipo kuombwa. Ila haiingii katika shauri lililo mbele ya mahakama, wala haina uwezo wa kuadhibu, bali hutoa mapendekezo. Pamoja na hayo, sheria ya 1980 ya uchunguzi wa vifo huruhusu mahakama kutafuta sababu ya kifo kisicho cha kawaida.

Faida ya jicho la nje ilidhihirika katika kadhia ya Januari 2006, ijapokuwa haikuwa ya ajali ya gari, ambapo wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi, waliuawa na polisi Dar es Salaam, na taarifa ya polisi ikawaita majambazi waliokufa katika mapambano ya risasi. Rais Jakaya Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Kipenka Mussa, nayo ikathibitisha kuwa marehemu hawakuwa majambazi. Askari walishtakiwa, Mahakama Kuu ikawaachia huru mwaka 2009, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja wao.

Kenya imekwenda mbali zaidi: Mamlaka Huru ya Usimamizi wa Polisi, iliyowekwa kwa sheria ya 2011, yapaswa kuchunguza kila kifo na jeraha kubwa litokanalo na kitendo cha polisi. Uingereza nayo hulazimisha vifo vifuatavyo ufukuzaji wa magari vipelekwe kwa ofisi iliyo nje ya polisi.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala zima. Pale ambapo uchunguzi aghalabu wategemea malalamiko, haki humfikia ajuaye njia ya kuiendea. Pale ambapo sheria hulazimisha taarifa mara ajali itokeapo, mfiwa wa kijijini hupata insafu sawa na wa mjini, na askari aliyetimiza wadhifa wake kwa uadilifu husafishika jina mbele ya watu wote.